Usichomeke 10A kwenye soketi: jibu kwa kijana wa Kibirizi

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nina kibanda cha kuchaji simu na betri za taa za wavuvi hapa Kibirizi, Kigoma. Nimenunua multimita ndogo ya njano pale Mwanga, haikuja na maelezo yoyote. Soketi ya kibandani inaniunguzia chaja za wateja, na wavuvi wananilaumu kwamba betri zao nazirudisha hazijajaa. Jirani kaniambia nichomeke waya mwekundu kwenye 10A, nipime soketi nijue ina umeme mwingi kiasi gani. Nimeogopa. Nianzie wapi ili nipime bila kujiua?"

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vema kuuliza kabla ya kuchomeka. Nianze na hilo la jirani: usilifanye kabisa. Ukiweka waya mwekundu kwenye tundu la 10A, halafu ukagusisha ncha mbili kwenye soketi, hujapima chochote. Umepiga shoti, na mkono wako uko hapo hapo shoti inapotokea.

Soketi haina ampea (kiasi cha umeme unaopita) za kupimwa. Soketi ina volti (msukumo wa umeme). Ampea zinakuja kifaa kinapowashwa, na kila kifaa kinavuta zake. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9, chaja ya simu inavuta chini ya ampea 0.2, na soketi tupu, ambayo haijachomekwa kitu, ina volti zake 230 na ampea sifuri. Kwa hiyo swali la "soketi hii ina ampea ngapi" halina jibu hata ukiwa na mita ya bei mbaya.

Hatari yake inatokana na jinsi mita ilivyotengenezwa. Kupima ampea, mkondo wote lazima upite ndani ya mita, kama maji ya nyumbani yanavyopita yote ndani ya mita ya maji kabla hayajafika bombani. Ndiyo maana nyuma ya tundu la 10A kuna kipande kifupi cha waya mnene ambacho hakizuii kitu, ukinzani wake ni kama 0.01 ya omu. Ukijumlisha nyaya za mita na nyaya za kibanda, tuseme zote zimefika nusu omu. Volti 230 ukigawa kwa 0.5 unapata ampea 460. Breka yako itakatika, naam, lakini kabla haijakatika ncha za mita zinakuwa zimeshayeyuka na kurusha shaba ya moto usoni. Na kwenye mita nyingi ndogo, pembeni ya tundu hilo pameandikwa kabisa kwamba halina fyuzi. Zaidi ya hayo, 10A ya mita za aina hiyo ni ya DC tu, haikukusudiwa umeme wa nyumbani hata kidogo.

Upande wa volti ni kinyume chake. Hapo mita ina ukinzani wa mamia ya maelfu ya omu au zaidi, kwa hiyo inagusa tu na kusoma, mkondo unaopita ndani yake haufiki hata sehemu ya elfu moja ya ampea. Mita ni ile ile, ncha ni zile zile. Kilichobadilika ni tundu ulilochomeka na mahali ulipoelekeza swichi. Ajali nyingi za multimita zinatokea hapo: mtu alipima ampea za betri jana, akaacha waya mwekundu kwenye 10A, leo akageuza swichi kwenye volti na kwenda moja kwa moja kwenye soketi. Swichi iko sawa, tundu siyo, na kwenye tundu la 10A swichi haimsaidii. Kwa hiyo jizoeze hivi: kabla ncha hazijagusa kitu, macho yaende kwanza kwenye matundu, kisha kwenye swichi. Kila mara, hata kama mita umeitumia dakika moja iliyopita. Na ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla hujaiweka mita chini.

Sasa ichukue mita yako tuitazame. Kwa maelezo yako nadhani ni ya aina ya DT830, kwa sababu ndiyo imejaa madukani. Kama ni nyingine, alama ni zile zile. Ina matundu matatu. Lililoandikwa COM ni la waya mweusi, na huo hautoki hapo. La V na Ω (limeandikwa pia mA) ndilo la waya mwekundu kwa karibu kazi zako zote. La tatu ni hilo la 10A, tutalifikia mwishoni.

Kwenye swichi kuna kundi la V lenye mawimbi, ~, ambalo ni AC, umeme wa soketi na wa jenereta. Kuna kundi la V lenye mstari mnyoofu na vidoti chini yake, ambalo ni DC, umeme wa betri na paneli. Kuna Ω ya ukinzani. Namba unazoziona ni kikomo cha kipimo: ukiweka 20 kwenye V ya DC, mita inasoma hadi 19.99. Ukiipa zaidi ya hapo kioo kinaonyesha tarakimu 1 peke yake, imejibanza upande wa kushoto. Hiyo siyo volti moja. Mita inakwambia "imenizidi, panda juu". Wapo wanaoiona hiyo 1 kwenye betri ya volti 24 wakasema betri imekufa, kumbe swichi iko kwenye 20. Usipojua utakutana na volti ngapi, anza na namba kubwa kuliko zote, kisha ushuke.

Mita hizi ndogo hutumia betri ya volti 9. Ikichoka, alama ya betri inatokea kwenye kioo na usomaji unaanza kudanganya. Usipime umeme wa soketi na mita yenye alama hiyo.

Chunguza pia nyaya za mita, maana ndizo zinazokaa mkononi mwako. Zipinde pinde kidogo karibu na ncha na karibu na plagi yake. Ukiona ufa au shaba imechungulia, tupa, usifunge utepe. Kisha weka mita kwenye Ω 200 na ugusishe ncha mbili: inatakiwa isome chini ya omu 1, mara nyingi 0.3 hadi 0.8. Tikisa nyaya huku ukitazama kioo. Namba ikiruka ruka, ndani mmoja umekatika, na waya uliokatika unaweza kukuonyesha sifuri kwenye soketi yenye volti 230 kamili.

Kuna maandishi mengine karibu na matundu: CAT II, CAT III, CAT IV, na volti pembeni yake. Haya si mapambo, ni madaraja ya mahali mita inapofaa kutumika. CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni kwa nyaya za ndani ya jengo pamoja na bodi ya breka. CAT IV ni kule umeme unakoingilia, mita ya LUKU na waya wa nguzoni. Kadiri unavyosogea kuelekea nguzoni ndivyo mshituko wa volti, kwa mfano radi ikipiga laini, unavyokuja na nguvu kubwa zaidi. Mita isiyo na nafasi ya kutosha kati ya njia zake za ndani inaweza kupasuka mkononi. Kigoma tuna radi za kutosha kuanzia mvua za Oktoba au Novemba hadi zinapokatika mwezi wa tano, hivyo hili linatuhusu kweli.

Shida ni kwamba maandishi hayo mtu yeyote anaweza kuyachapa. Kagua ndani: zima mita, chomoa nyaya zote mbili, fungua mgongo, tazama fyuzi. Ukikuta kifyuzi chembamba cha kioo kilichoandikwa 250V, na nje pameandikwa CAT III 1000V, usiamini cha nje. Mita ya kweli ina fyuzi nene za kauri, zimejazwa mchanga ndani ili cheche izimike, na zimeandikwa volti zinazolingana na za mita, 600 au 1000. Yako naamini ni ya kioo. Basi iheshimu hivyo: kwa betri, kwa paneli moja ya sola na kwa kifaa kilichochomolewa inakutosha kabisa. Kwa soketi tumia kwa utaratibu nitakaokueleza. Kwa bodi ya breka na LUKU, hapana. LUKU ina lakiri ya TANESCO na haifunguliwi na mtu mwingine, na nyaya zinazoingia kwenye meni swichi zina umeme hata ukiwa umeizima.

Anza na betri. Hapo ndipo mkono unapozoea, na hapo ndipo ugomvi wako na wavuvi utakapoisha.

Volti 12 haikurushi, lakini betri ina hatari yake. Ikichajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja karibu na vizibo inaweza kuilipua pamoja na tindikali yake. Pete ya kidoleni au spana ikiunganisha chanya na hasi inageuka kaa la moto. Vua pete na saa, fungua dirisha la kibanda, zima chaja kabla ya kuchomoa vibanio.

Waya mweusi COM, mwekundu kwenye V, swichi kwenye V ya DC, 20. Mweusi kwenye hasi, mwekundu kwenye chanya. Ukikosea ukageuza, mita itaweka alama ya kutoa mbele ya namba, haiharibiki. Cha muhimu ni lini unapima. Betri iliyotoka tu kwenye chaja inasoma juu kwa uongo. Ipumzishe saa kadhaa, au usiku mzima kama huna haraka. Baada ya hapo betri ya tindikali ya volti 12 ikisoma 12.6 hadi 12.7, imejaa. Ikisoma 12.4 iko robo tatu, 12.2 iko nusu, na 12.0 kushuka chini karibu imekwisha. Ona jinsi namba zilivyokaribiana: kati ya iliyojaa na ya nusu ni nusu volti tu. Ndiyo maana kusema "ina kumi na mbili" hakutoshi, soma hadi nukta.

Ukikuta betri imepumzika na bado inasoma karibu 10.5, mara nyingi ni chumba kimoja kimekufa. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kina volti 2.1 kikijaa. Toa kimoja, vinabaki vitano, 10.5. Hiyo hata uichaji wiki nzima haitajaa, na mvuvi aambiwe mapema badala ya kulipia chaji. Kuna nyingine ya ujanja: inasoma 12.6 vizuri ikiwa imepumzika, lakini chumba hakina nguvu. Hiyo huikamati bila mzigo. Funga taa yake ile ile anayoendea ziwani, acha iwake, tazama kioo. Betri nzima itashuka kidogo na kutulia. Mbovu itateremka mbele ya macho yako, 12.1, 11.6, 11.0, na taa inafifia. Muite mwenyewe aone. Siku za mbalamwezi, ambapo mitumbwi ya dagaa haiingii na betri zimelala kibandani, ndio wakati mzuri wa kupima zote na kuandika namba kwa kalamu ya rangi ubavuni.

Pima na chaja yenyewe ikiwa inachaji. Kwenye vichwa vya betri inatakiwa upate, kuelekea mwisho wa chaji, kama 13.8 hadi 14.4. Ikikwama 13.0 baada ya saa nyingi, chaja ni dhaifu kwa betri hizo, au betri zimezidi idadi, na hilo pengine ndilo jibu la malalamiko yako. Ikipanda juu ya 14.8 inachemsha maji ya betri. Betri za lithiamu zenye fosfati ya chuma, zinazoandikwa 12.8V, hazifuati namba hizi. Zikijaa na kupumzika husoma karibu 13.3 au zaidi, na hukaa hapo hapo karibu hadi zinaisha, hivyo volti peke yake haikwambii sana. Usizichaji na chaja ya tindikali bila kujua.

Sasa soketi. Hapa volti 230 inaua, na mahesabu yake si ya kutisha watoto. Mwili wenye ngozi iliyolowa unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. 230 kwa 1,000 ni ampea 0.23, wakati ampea 0.03 tu ikipita kifuani inatosha kumweka mtu hatarini. Njia mbaya kuliko zote ni kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kwa sababu inapita moyoni. Kwa hiyo panga kazi yako isihitaji mikono miwili kushika vitu vyenye umeme, na ikiwezekana isihitaji hata mmoja.

Kibanda cha ufukweni kina mchanga uliolowa na watu wanaotoka majini. Weka ubao mkavu chini, vaa viatu vya mpira, kausha mikono, mwambie mteja asubiri nje. Kuwe na mtu anayejua swichi kuu ilipo. Likitokea la kutokea, azime kwanza, asikushike.

Soketi zetu za matundu matatu bapa, ukizitazama kwa mbele, tundu la juu ni ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), la chini kulia ni laivu (waya unaoleta umeme), la chini kushoto ni nyutro (waya unaorudisha umeme). Zina vifuniko vya ndani vinavyofunguliwa na mguu wa ethi wa plagi. Wengine huvifungua kwa msumari au mkasi. Hapana. Tumia ekstensheni isiyo na vifuniko hivyo, ambayo ncha za mita zinaingia zenyewe. Waya mwekundu V, mweusi COM, swichi kwenye V ya AC, 750 au 600 kadiri mita yako ilivyoandikwa. Zima swichi ya soketi ukutani. Ingiza ncha mbili kwenye ekstensheni zikae zenyewe, vidole nyuma ya ukingo wa plastiki wakati wote. Ondoa mikono. Washa ukutani kwa mkono mmoja, soma, zima, ndipo uhamishe ncha. Ni polepole, lakini kwa njia hii hakuna wakati unaposhika ncha yenye umeme.

Pima mara tatu. Laivu na nyutro: tegemea karibu 230. Vifaa vingi vya 230 huvumilia asilimia 10 juu na chini, yaani 207 hadi 253. Laivu na ethi: inatakiwa ilingane na ya kwanza, ikipishana volti chache tu. Nyutro na ethi: ndogo, sifuri hadi volti mbili tatu.

Ikiwa laivu na ethi inasoma namba ya ajabu, 60 au 110 inayocheza cheza, ethi haipo, na hizo ni volti za mzuka zinazorukia waya ulio hewani. Lakini kabla hujamlaumu fundi aliyefunga nyumba, tazama ekstensheni yako: nyingi za bei rahisi zina tundu la tatu lakini ndani waya ni wa njia mbili tu. Hilo unalijua kwa kuichomoa kabisa na kupima kwa Ω 200 kutoka mguu wa ethi wa plagi hadi tundu la ethi. Ikitokea 1 ya kushoto, hakuna waya. Nunua nyingine ndipo uendelee.

Ikiwa nyutro na ethi inasoma makumi ya volti, au laivu na nyutro inapanda 260, 280, na kushuka tena bila sababu, chomoa kila kitu na uzime meni swichi. Hapa ndipo ninaposhuku kuhusu chaja zako. Chaja ya simu ya kawaida imeandikwa 100–240V, hivyo umeme mdogo hauiunguzi. Umeme mkubwa ndio unaoiua. Na sababu ya kawaida ya umeme kupanda hivyo ni nyutro iliyolegea, kwenye bodi, kwenye LUKU au nguzoni. Njia tatu za transfoma zikipoteza nyutro, nyumba moja inaweza kupata karibu hadi volti 400 huku ya jirani ikififia. Dalili unayoweza kuiona bila mita: mtu akiwasha pasi, taa zako zinang'aa zaidi badala ya kufifia. Hilo ni la kuripoti ofisi ya TANESCO siku hiyo hiyo, na ndani ya kibanda aitwe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Lakini tazama kwanza chaja zimeunguaje. Kama mizunguko ya ndani imepasuka, ni volti. Kama ni miguu ya plagi imebabuka na plastiki ya soketi imegeuka kahawia, hiyo ni soketi iliyolegea inapata moto, na mita itakuonyesha 231 safi kabisa kwa sababu hakuna mzigo. Hii pima hivi: kwenye ekstensheni ile ile chomeka birika lenye maji, ncha zikiwa kwenye tundu jingine. Soma kabla, soma birika likichemsha. Kushuka kutoka 231 hadi 225 si neno. Kushuka hadi 205 ina maana kuna mahali waya ni mwembamba au skrubu imelegea, na palipolegea pana moto. Gusa plagi baada ya kuizima na kuichomoa: penye joto kali ndipo kwenye ubovu.

Pima pia nyakati tofauti. Saa nane mchana na saa mbili usiku si umeme mmoja, kwa kuwa usiku kila nyumba imewasha. Ukitumia jenereta au inveta (kigeuza umeme wa betri kuwa wa soketi) ya bei ndogo, mita yako inaweza kusoma pungufu, kwa kuwa imetengenezwa kwa wimbi laini na inveta hizo hutoa wimbi la ngazi ngazi.

Jambo moja nakusihi sana. Usikubali sifuri ya kioo kuwa ushahidi kwamba waya hauna umeme. Kabla ya kugusa waya wowote ulioambiwa umezimwa, pima kwanza mahali unapojua pana umeme, uone mita inasoma. Kisha pima pale unapotaka kugusa. Kisha rudi tena pale penye umeme, uone mita bado inasoma. Sifuri ya katikati ina maana tu ikiwa kabla na baada mita ilikuwa nzima. Mita mbovu, waya wake uliokatika ndani, swichi iliyoachwa kwenye DC: vyote vinatoa sifuri nzuri tu kwenye waya unaoua. Bisibisi ya testa ile yenye kitaa haichukui nafasi ya hili. Juani huoni kikiwaka.

Ukinzani hupimwa kwenye kifaa kilichochomolewa tu. Ukipeleka Ω kwenye soketi yenye umeme unaichoma mita. Hapo unaweza kupima fyuzi ya plagi (karibu sifuri ni nzima, 1 ya kushoto imekatika), waya wa ekstensheni, na hata pasi. Pasi ya wati 1,000 kati ya laivu na nyutro ya plagi yake, kidhibiti chake cha joto kikiwa kimewashwa, inatakiwa isome kama omu 53, maana 230 mara 230 gawa kwa 1,000. Kutoka mguu wa ethi hadi bati lake, chini ya omu 1. Kutoka laivu hadi bati, 1 ya kushoto. Ila usiseme "haivuji" kwa kipimo hicho pekee: mita inasukuma volti chache tu, na hita inayopiga watu mshituko kwa 230 inaweza kuonekana salama mbele yake. Kipimo cha kuvuja kina chombo chake, kinachosukuma volti 500, na mafundi wanacho. Usifungue maikrowevu wala inveta kupima ndani. Kapasita za humo hukaa na chaji baada ya kuchomolewa, na ya maikrowevu inafika volti elfu mbili.

Sasa lile tundu la 10A, na kazi yake halali kibandani kwako: kujua taa ya mvuvi inavuta ampea ngapi. Taa ikiwa imezimwa, chomoa waya wa chanya kutoka betri. Waya mwekundu wa mita uhamie 10A, swichi kwenye 10A. Mwekundu ushike chanya ya betri, mweusi ushike waya wa taa ulioutoa. Washa. Taa ya wati 20 itaonyesha karibu 1.7. Soma ndani ya sekunde kumi, zima, acha mita ipoe. Usipime hivyo kitu kinachoweza kuvuta zaidi ya ampea 10, kama inveta au stata ya injini, na kamwe usiguse chanya na hasi za betri na mita iko kwenye 10A. Hiyo nayo ni shoti, ya volti 12 lakini yenye mamia ya ampea. Ukimaliza, waya mwekundu urudi V papo hapo.

Ukipata hela, ongeza mita nyingine ya kushika waya kwa nje, ya koleo, inayosoma ampea za AC na DC bila kukata kitu, yenye CAT III 600V ya kampuni inayojulikana. Kwa kibanda chako italipa haraka kuliko paneli ya ziada.

Kwa sasa nahitaji kutoka kwako namba hizi za soketi: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Pima mchana na usiku, mara moja ikiwa tupu na mara moja birika likichemka, kisha uniandikie pamoja na saa uliyopima na jinsi chaja zilivyoungua. Kwa hizo nitaweza kukwambia kama ubovu ni wa soketi, wa nyaya za kibanda au wa nguzo. Ila ukikuta 260 au zaidi, usiningoje mimi. Zima, nenda TANESCO.